Tatuaji ya Kiuno na Sindano ya Mugongo

Ninyi mabinti, na ninyi wamama munaosindikiza mabinti wenu ku maternite, kuna neno moja linalotembea kati yetu hapa Kolwezi na ninataka tuliangalie pamoja. Linasema kwamba mwanamuke mwenye tatuaji chini ya mugongo hawezi kupigwa sindano ya mugongo siku ya kuzala. Eti munganga akiona ile michoro anarudisha sindano, na mama anabaki na uchungu wake. Wengine wanaongeza kwamba wino unaingia mu mifupa na miguu inakufa.

Neno la namna hii si la kucheka tu. Mwanamuke akiliamini, anaweza kufika ku sezariene na kuwakatalia waganga sindano ya mugongo. Hapo wanabaki na njia ya kumulalisha usingizi kabisa, na kwa mwenye mimba usingizi ule uko na hatari zaidi, maana chakula cha tumbo kinaweza kupanda na kuingia mu mapafu. Yote juu ya ua lililochorwa!

Kwanza tujue sindano yenyewe. Ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza tunaiita rashi. Munganga anakuketisha ao anakulalisha ubavu, unakunja mugongo kama paka, na kwa sindano nyembamba sana anaweka dawa mara moja mu maji yanayozunguka mishipa ya mugongo. Kwa dakika chache sehemu ya chini ya mwili inakufa ganzi, lakini wewe uko macho na unasikia mutoto akilia. Ni sindano ya sezariene. Ya pili ni peridurali. Sindano yake ni nene zaidi, nayo inasimama mbele ya yale maji, haiyaingii. Wanapitisha mupira mudogo kama uzi na kuuacha pale, dawa inaongezwa polepole wakati uchungu unaendelea. Ndiyo ile wamama wengi wa Ulaya wanaomba ili wasiumie sana. Kwetu wamama wengi wanazala bila hiyo, maana inaomba munganga wa usingizi akae karibu saa zote, na vyombo vya kupima. Kwa hiyo swali la tatuaji, kwetu sisi, ni zaidi swali la rashi.

Sindano zote mbili zinaingia karibu fasi moja. Weka mikono juu ya mifupa ya kiuno, kuume na kushoto, na upige mustari kati yao: pale unapokata uti wa mugongo ni karibu na pingili ya nne ya kiuno. Wanachagua huko chini kwa sababu kamba ya mishipa inayotoka mu ubongo, kwa mutu mukubwa, inaisha juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza ao ya pili. Na ni pale pale mabinti wanapenda kuchora maua yao.

Woga wa waganga ulitoka wapi? Wino wa tatuaji haukai juu juu. Unakaa mu ngozi ya ndani, ndiyo sababu hauoshwi. Sindano ya mugongo ina tundu. Ikipita mu ngozi inaweza kukata kipande kidogo sana na kukisukuma ndani pamoja na wino wake, na rangi zile hakuna mutu aliyezitengeneza kwa kuwekwa karibu na mishipa ya mugongo. Mwaka 2002 waganga wa Vancouver, inchi ya Kanada, waliandika juu ya wazazi watatu wenye tatuaji kiunoni waliopewa peridurali. Walitafuta mu maandiko ya waganga wenzao kama kuna mutu aliyeumizwa namna hiyo, hawakuona. Hata hivyo walishauri kwamba ni akili kutopitisha sindano mu wino kama njia nyingine iko. Tangu hapo wanawake wengi sana wenye tatuaji wamepigwa sindano hizi, na madhara makubwa yaliyothibitishwa kuwa ya wino hayajaonekana. (Sindano zenyewe zina chuma chembamba kinachoziba tundu wakati wa kuingia, kinatolewa tu zikiisha kufika. Aliyewaza jambo hili aliwaza vizuri.)

Basi munganga anafanya nini? Michoro mingi ina nafasi bila wino, kati ya majani ao ndani ya herufi, anapita hapo. Ao anapanda ao anashuka pingili moja. Ao anaingia kandokando kwa kuinamisha sindano. Kama fasi yote ni nyeusi, anaweza kupasua ngozi kidogo sana kwanza, ili sindano ipite bila kubeba kitu.

Binti mumoja wa mutaa wetu, mwimbaji wa kwaya, alikuja kwangu na mimba ya miezi saba. Akafunga mulango kwanza. "Mama, minasikia batu ba tatuaji banabakatalaka shindano. Ni kweli?" Nikamuuliza kama wale wanaomupima mimba wameiona. "Hapana. Na mama yangu haiyue." Hapo nikaelewa ugonjwa wenyewe. Tatuaji yake ilikuwa ya miaka mitatu, ngozi laini, hakuna kitu. Lakini juu ya kuogopa mama yake na macho ya watu wa kanisa, alikuwa akikataa kupandisha blauzi hata mbele ya muzalishaji, na huyu hakuweza kumuangalia mugongo. Nilimwambia: "Mwanangu, munganga wa usingizi haulizi Walawi 19. Anauliza ngozi iko namna gani." Ile sura ya Walawi tutaizungumuza siku nyingine, na tuizungumuze pamoja na wanaume, maana mikono ya vijana wa machimbo imejaa michoro na sijasikia mutu akiwatisha.

Tena tusijifanye kama michoro ya ngozi ilikuja jana pamoja na televizio. Bibi zetu Waluba walichanjwa ntapo, tumboni na kiunoni. Angalieni sanamu za zamani za wanawake wa Kiluba, fundi amezikata moja moja mu muti. Kovu la zamani halina neno kubwa. Likiwa gumu na limevimba, munganga anahama kidogo, maana vidole vyake havisikii pingili vizuri. Mimi ninaogopa zaidi chanjo za leo: mama mwenye mimba anaumwa kiuno, wanamuchanja kwa wembe na kumupaka unga wa dawa. Kidonda kibichi ao chenye usaha pale pale fasi ya sindano, hicho kinaweza kumufanya munganga akatae kweli, maana sindano inaweza kupeleka vidudu ndani. Ni vile vile kwa tatuaji ya sasa sasa. Ngozi inaomba majuma kadhaa kupona. Binti, ukiwa na mimba usichorwe. Na sindano ao wembe uliotoka kwa mutu mwingine unaweza kuleta sida na ugonjwa wa maini.

Asiyepata peridurali hakuachwa mikono mitupu. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia lilipotoa mashauri yake juu ya kuzala, lilikubali peridurali kwa mama anayeiomba, lakini lilitaja pia mutu wa kumusindikiza aliyemuchagua mwenyewe, kusuguliwa mugongo, kitambaa cha moto, kuvuta pumuzi polepole. Tatuaji haizuii hata moja.

Basi siku ya kupima mimba inayokuja, pandisha blauzi. Omba waandike mu fishi yako fasi tatuaji iko na mwaka ulipochorwa. Uliza kama pale munafanya rashi, na nani anaifanya usiku. Kama unatokaka damu nyingi ukijikata, ao ulipata homa nyuma ya chanjo, sema pia, kwa sababu munganga anahesabu hayo kuliko ua. Usiku wa sezariene ya haraka hakuna mwenye nafasi ya kuuliza.