Kina cha Kati

Mwanafunzi alikwisha kulitia gitaa mfukoni mwake, alirudishe. Miezi mizima, kila alipotakiwa sauti fulani, alihesabu vyuma vilivyokatiza shingo, kimoja kimoja tangu mwanzo, na wimbo ukampita. Mwalimu, mpenzi wa mashairi, akamwuliza: "Mwanangu, mshororo wa mizani 16 hupumua wapi?"

"Kwenye ya 8, mwalimu, penye kina cha kati."

"Na uzi vivyo hivyo."

Akamshika kidole, akakiweka penye chuma cha 12, nusu kamili ya uzi. Ikalia sauti ile ile ya uzi ulioachwa wazi, ila nyembamba zaidi. Tangu hapo kijana akawa na vituo viwili vya kuanzia safari. Alihesabu kidogo, akasikiliza zaidi. Na gitaa halikurudishwa.