Madaka ya Lamu

Anayetaka kujua waungwana wa Pwani waliishije katika karne ya 19, na aende Lamu, aanzie mtaa wa Mkomani. Vichochoro vyake havipitishi gari. Utatembea kwa miguu, utampisha punda, na nyumba zenyewe zitakusimulia.

Mbele ya mlango wa nyumba kubwa pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku. Hapo mwenye nyumba alikaa na wageni wake, wakazungumza habari za pembe, boriti na bei ya ufuta. Wengi waliishia hapo hapo. Aliyekaribishwa alikuta njia ya kuingilia imepindwa makusudi, jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, kumbi ndefu za nyumba, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani, kwa bibi wa nyumba. Humo ukuta mzima ni zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa safu juu ya safu, vilivyopambwa kwa sahani za Kichina. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana uliamuliwa na boriti za mikoko. Chooni, ndani ya birika la maji, walifugwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Mimi hayo yananivutia kupita nakshi zote: watu walifikiria raha ya mwili na staha ya nyumba kwa pamoja.

Kuhusu adabu za humo ndani, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwandikia binti yake utendi mzima, mnamo 1858.

Lakini anayeisifu Lamu asifiche jambo. Bibi muungwana alipotoka, alitembea ndani ya shiraa, pazia la kitambaa lililobebwa na watumwa kwa miti. Mashamba ya bara yaliyolipia sahani zile yalilimwa na watumwa pia, na utumwa ulikomeshwa kisheria pwani hii mwaka 1907 tu.

Ndiyo maana nasisitiza: ukimaliza Mkomani, shuka mtaa wa Langoni hadi msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alifundisha dini huko bila kubagua wageni wala wana wa watumwa, wakati elimu ilikuwa mikononi mwa koo chache. Kila mwaka Maulidi husomwa hapo kwa matari, na mji hufurika wageni kutoka pwani nzima.