Ukimya Tulioudhania Usalama

Gari letu ni la mtumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi hapa Kahama. Kwenye bampa la nyuma lina vidude vinne vya mviringo, kila kimoja kikilingana na kifungo cha koti. Hivyo ndivyo vihisi vya kuegeshea, au sensa kama mafundi wanavyoviita. Ukitia gia ya kurudi nyuma na pakawa na kizuizi, vinalia. Ukikikaribia vinalia kwa haraka zaidi, hadi mlio unakuwa mmoja usiokatika. Tuliuzoea mlio huo kiasi cha kuacha kugeuza shingo.

Msimu wa mvua uliopita tulikwenda Geita kwenye akika ya mtoto wa ndugu yetu. Tulirudi kwa njia ya Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na gari likafika nyumbani limekandikwa tope mpaka kwenye vioo. Tangu jioni hiyo vihisi vikawa vinalia hata uwanjani pasipo na kitu. Mmoja wetu, akiwa amechoshwa na kelele, akabonyeza swichi iliyo karibu na usukani, na kelele zikakoma. Hakumwambia mwenzake.

Siku ya tatu, baada ya swala ya Alasiri, mwenzake akaingia garini, akatia gia ya nyuma na kusikiliza. Kimya. Akaamini kwamba nyuma ni kweupe. Gari lilikuwa limeanza kusogea pale bibi alipopiga ukelele kutoka barazani: "Simama! Mtoto! Mtoto!"

Mwanetu wa miaka mitatu alikuwa amechuchumaa nyuma ya bampa, akifinyanga chungu kwa tope lile lile lililodondoka kutoka kwenye gari letu.

Hatutasema nani alizima swichi na nani alishika usukani. Kosa hilo tumeligawana sawa kwa sawa, na ndiyo maana tunaandika kwa neno "sisi".

Kesho yake tulilipeleka gari kwa fundi rewaya. Hakuanza na testa. Alianza na ndoo ya maji na kitambaa laini. Huku akisafisha, alitueleza kwamba kihisi hutoa sauti nyembamba mno, yenye mitetemo takriban 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la mwanadamu huishia kama 20,000. Sauti hiyo hugonga kitu na kurudi kama mwangwi. Gari hupima muda wa kwenda na kurudi, likajua umbali. Ndivyo popo anavyopata njia gizani. Tope likiganda juu ya kihisi, huivuruga sauti hiyo, na gari likadhani kwamba limefika ukutani. Kwa hiyo kelele tulizozizima zilikuwa zikitueleza jambo la kweli: kwamba vihisi vyetu vimefunikwa.

Akairudisha swichi. Akatutaka tufunge breki ya mkono, tuwashe umeme bila injini, kisha tutie gia ya nyuma. "Sogezeni sikio," alisema, "mkisikilize kimoja kimoja." Vitatu vilitoa mlio mdogo kama wa saa ya mkononi, cha nne kilikuwa bubu. Fyuzi ilikuwa nzima. Alipofungua kiungio cha waya wa kihisi hicho, alikuta maji na kutu. Akakikausha na kukisafisha, nacho kikaanza kulia kama wenzake.

Tulidhani kazi imekwisha. Fundi akachukua kindoo kifupi, akakiweka chini, karibu kabisa na bampa. Kimya. "Kitu kifupi sauti hukipita juu," alisema, "na nguo laini huweza kuimeza isirudi." Tulitazamana. Mwanetu, amechuchumaa ndani ya kanzu yake, alikuwa yote mawili. Hata vihisi vingekuwa vizima jioni ile, huenda visingesema neno.

Msiba wa namna hii hauchagui mzembe. Mwaka 2002, huko Long Island katika jimbo la New York, daktari wa watoto Greg Gulbransen alirudisha gari lake nyuma na kumgonga mwanawe Cameron, mwenye umri wa miaka miwili. Mtoto alifariki. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, na tangu Mei 2018 magari madogo mapya nchini Marekani yanalazimika kuwa na kamera ya nyuma. Gari letu halina kamera, na kama lingekuwa nayo, tope la Kakola lingeifunika vile vile.

Ndugu wasomaji, nyumbani kwetu sasa pana kanuni tatu. Anayeendesha hulizunguka gari kwa miguu kabla ya kupanda. Gari haliwashwi mpaka mtoto ashikwe mkono na mtu mzima anayeonekana. Na anayezima chochote garini humwambia mwenzake kabla hajashuka. Vihisi tunavifuta kila tunaporudi safari, lakini hatuviachii tena amana ambayo Allah alitukabidhi sisi.

Bibi bado hukaa barazani kila Alasiri. Kabla hatujaondoa gari, humtazama kwanza yeye.