Ubia na Ujirani

Katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, barafu ni rafiki wa mvuvi. Hulazwa juu ya sangara ili asioze, na jua likipanda hugeuka maji yakatiririka. Jambo hili la kila siku lina swali ambalo wanafunzi wengi hulijibu visivyo: barafu inapoyeyuka, ni kitu gani kinachovunjika?

Molekuli ya maji ni atomi moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Marekani alieleza kuwa atomi za namna hii hushikamana kwa kumiliki pamoja jozi ya elektroni. Kiswahili kina neno la hali hiyo tangu zamani, nalo ni ubia. Wavuvi wawili walionunua mtumbwi mmoja hawaachani kwa wepesi, maana mali yao ni moja.

Baina ya molekuli na molekuli hapana ubia. Upo ujirani tu. Kuyageuza mvuke maji ya gramu 18 yaliyokwisha kuchemka huhitaji kilojuli 41 hivi. Kuuvunja ubia wote uliomo ndani yake huhitaji zaidi ya 900. Basi moto wa jikoni huwatawanya majirani, wala hauwatengi wabia. Laiti ungewatenga, kila sufuria ingetoa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko ulipukao kwa cheche moja.

Kwa ajili ya udhaifu wa ujirani huo, maji, spiriti na mafuta ya taa hugeuka mvuke kwa joto la kadiri, hali chumvi ya meza, ambayo haikuundwa kwa molekuli, haiyeyuki motoni mpaka nyuzi 801 za sentigredi. Musoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Majirani huachana mapema, ubia hautikisiki.

Kemia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa zaidi kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri jina la kigeni la kifungo hiki, kisha huandika kwamba maji yakichemka huwa gesi mbili. Angeliulizwa tofauti ya mbia na jirani, asingekosea. Lugha inayopambanua mambo hayo mwaloni haistahili kuachwa nje ya mlango wa darasa.