Jeni, washenga na mimi

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Sikusafiri wala sikuumwa, nilikuwa naona aibu tu. Leo nimeamua kulitoa.

Niliandika habari gazetini kuhusu saratani ya umio, lile bomba la chakula. Wengi tunaiita saratani ya koo. Chanzo kilikuwa utafiti wa huko Asia, nami nilisoma muhtasari tu, tena mhariri akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kichwa kikatoka hivi: "Jeni ya saratani ya koo yanaswa". Ukurasa wa mbele! Marafiki wakanipigia simu, nikajiona na mimi nimo.

Siku ya tatu akapiga mzee mmoja wa Rombo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama mwandishi ni mimi. Mkewe alikufa kwa ugonjwa huo, na dada wa mkewe pia. Binti yake alikuwa anaposwa. Washenga walikuja na gazeti limekunjwa mfukoni, wakaomba muda wa "kushauriana kwanza". Hawajarudi.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "hiyo jeni inapimwa wapi, tumpeleke mtoto?"

Sikuwa na jibu. Na niseme kweli, swali lake lilikuwa langu pia. Shangazi yangu tulimzika Marangu kwa ugonjwa huo huo, na nyumbani kuna maneno ya chini chini kwamba ni mambo ya damu.

Nikamtafuta kaka mmoja aliyenitangulia sekondari. Ana shahada ya uzamivu, na sasa yuko Uingereza kwa mkataba wa utafiti wa baada ya uzamivu, kwenye takwimu za vinasaba vya saratani. Nilitegemea mtu wa koti jeupe na darubini. Kumbe mwenzetu hagusi hata tone la damu. Kutwa yuko na kompyuta, anahesabu.

Alinieleza hivi. Vinasaba vya binadamu vina herufi kama bilioni 3. Wanachukua maelfu ya wagonjwa na maelfu ya wazima, wanalinganisha herufi zao katika sehemu milioni moja au zaidi, moja baada ya nyingine. Ukitumia kipimo kilichozoeleka cha takwimu, cha kuvumilia kosa la 5 kwa 100, bahati tupu itakuletea "jeni za saratani" kama 50,000. Zote za uongo. Ndiyo maana wamejiwekea sharti kali: tofauti isikubalike mpaka uwezekano wa bahati tupu kuileta uwe chini ya 5 kwa 100,000,000. Halafu irudiwe kwa watu wengine kabisa.

Mfano ulionimaliza ni huu. "Chukua wagonjwa wote Rombo," alisema, "wazima wote uwatoe Bagamoyo. Utapata jeni kibao. Lakini utakuwa umegundua Mchaga na Mzaramo, siyo saratani." Tulicheka sana. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchuja udanganyifu wa aina hiyo, na kuna miezi ambayo matokeo yake yote ni kuthibitisha kwamba alichokiona mwezi uliopita hakikuwepo. Kwenye chumba chetu cha habari asingemaliza wiki.

Jingine lilinikera. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kufikia 2018, kati ya watu wote walioingizwa katika tafiti za aina hii, asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya, 10 wa Asia, na Waafrika 2 tu. Wakati Afrika ndiko kwenye utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko kokote! Alama iliyoonekana China inaweza isiseme lolote Kilimanjaro.

Na ugonjwa huu ni wetu hasa. Ukanda wake unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya uvimbe wa wagonjwa 552 wa nchi 8, Tanzania ikiwamo. Walikuwa wakitafuta nyayo, maana baadhi ya visababishi, kama moshi wa sigara, huacha alama zake ndani ya uvimbe. Walitumaini penye wagonjwa wengi watakuta nyayo za mhalifu mmoja. Hawakumkuta. Nyayo zilifanana karibu kila mahali.

Nikamuuliza kuhusu shangazi. Naye akaniuliza kwetu tunakunywaje chai. Ya moto, nikasema, ikitoka jikoni tu. (Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilisema vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 yaelekea vinachangia saratani hii.)

"Ndugu wa tumbo moja wamegawana damu, na birika pia," akasema. "Kwa familia moja, hesabu zangu haziwezi kuvitenganisha."

Jumatatu nilimpigia mzee. Nikamwambia hakuna kipimo cha kumpeleka binti, na kwamba alama niliyoiandika, hata kwa Waasia wenyewe, huongeza hatari kidogo tu, haimhukumu mtu. Gazeti litatoa masahihisho.

"Ukurasa wa mbele?"

Ukurasa wa 6, nikasema, chini kwenye kona.

Akanyamaza kidogo. "Basi niandikie barua, mwanangu, yenye sahihi yako. Washenga wanapenda karatasi."

Nimeianza mara nne. Kila nikifika pale pa kuandika kwamba wataalamu bado hawajui, nakwama, maana sijui washenga watapasomaje.