Kibanda Umiza Hakiulizi Ulianza na Ipi

Huku Texas ukisema umeangalia muvi mpya ya Star Wars au ya Alien, kabla hujaulizwa ilikuwaje utaulizwa ulianza na ipi. Ile ya 1977 umeiona? Unafuata mpangilio wa miaka zilipotoka au wa matukio yenyewe? Ukijibu kwamba ulidakia katikati, utahurumiwa, kisha utapewa orodha ya kwenda kuangalia kwanza ndipo uruhusiwe kuwa na maoni.

Kwetu Morogoro orodha hiyo ingechekesha watu. Kwenye kibanda umiza, banda letu la kuonyeshea video, muvi ilikuja kadiri mkanda ulivyopatikana. Ya tatu inaonyeshwa Jumamosi hii, ya kwanza inakuja baada ya Idi, ya pili haionekani kabisa. Rambo tuliyemjua sisi alianzia porini Vietnam. Wengi tumekuja kujua ukubwani kwamba iko nyingine ya 1982, ambamo anapambana na polisi wa mji mdogo wa Marekani. Hatukupungukiwa kitu. Unalipa mlangoni, unabanana kwenye benchi, na inayoanza ndiyo hiyo. Ikishindwa kukushika yenyewe, hakuna orodha ya kuiokoa.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi Hollywood haitoi hadithi mpya, inatoa matawi. Inachukua hadithi kubwa ya bunilizi ya kisayansi, inamchomoa mtu wa pembeni na kumpa muvi yake, au inarudi nyuma kabla ya mwanzo tulioujua. Nimeangalia nyingi za namna hiyo, nzuri na mbovu, na kila nikitaka kuzipima najikuta narudi kwenye benchi lile lile: mtu ambaye hajawahi kuona shina la hadithi angekaa hadi mwisho, au angedai hela yake?

Lupita na paka asiyelia

Naanza na niliyoipenda: A Quiet Place: Day One ya 2024, tawi la A Quiet Place ya 2018. Stelingi ni Lupita Nyong'o, kwa hiyo nilikwenda na upendeleo wangu wa Afrika Mashariki mfukoni. Viumbe wasioona wameanguka New York na wanawinda kwa kusikia. Maandishi ya mwanzo yanasema kelele za jiji hilo kwa wastani ni desibeli 90, sawa na mtu anayepiga yowe bila kukoma. Basi hapo mtego umeshategwa. Lupita ni Samira, mgonjwa wa saratani ambaye siku zake zimekwisha hata kabla viumbe hawajaja, na katikati ya maafa yote hayo anataka kitu kimoja tu: akale piza Harlem, ambako alikuwa akienda na baba yake.

Huku hiyo muvi inaangaliwa kwa adabu ya mazishi. Wako Alamo Drafthouse, majumba ya sinema yaliyoanzia Austin 1997 na sasa ni mali ya Sony. Sheria yao inajulikana Marekani nzima: ukiongea au ukichati kwa simu unaonywa mara moja, ukirudia unatolewa nje na hela yako hairudi. Muvi hii ilipotoka hata chakula kiliagizwa kimya kimya. Uliandika kwenye kikaratasi, ukakisimamisha mbele yako, mhudumu akapita gizani ameinama mpaka usawa wa meza, akakichomoa na kupotea. Sasa weka sheria hiyo juu ya muvi ambayo ukikohoa unaliwa. Watu wanatafuna bisi kwa kuzilainisha mdomoni kwanza. Jirani yangu alishika glasi yake ya soda muda mrefu bila kunywa kwa sababu barafu ingegonga. Nakiri ilikuwa raha. Ukimya ule ulikuwa nusu ya muvi.

Halafu mpwa wangu akanitumia kwa WhatsApp kipande cha muvi hiyo hiyo kikiwa kimetafsiriwa. Maana nyumbani hakuna nafasi ya kimya: DJ, yule msimuliaji anayetafsiri muvi kwa sauti yake, yuko kazini. Katika kipande kile Samira na Eric, kijana aliyekutana naye kwenye maafa, wamejificha, mvua inanyesha, nao wanasubiri radi ipige ndipo wapige yowe la kutoa uchungu, kwa kuwa radi inalifunika. Kwenye sinema hapo ndipo watu walipofuta machozi. DJ yeye alishusha sauti ya muvi, akaanza kuhesabu radi pamoja nao, na ilipopiga akapiga yowe la kwake, refu kuliko la Lupita. Kisha akamgeukia paka wa Samira. "Na wewe Nyau, mbona hulii? Au umekunywa dawa ya usingizi?"

Nilicheka peke yangu jikoni, na swali likabaki, kwa sababu hilo ndilo tundu kubwa la muvi nzima. Jiji limeungua, maji yamejaa kwenye reli za chini ya ardhi, viumbe wanaparamia maghorofa, na paka halii hata mara moja. Wahakiki wa huku waliandika kurasa na kurasa kuhusu huzuni na uigizaji wa macho, nami nakubaliana nao, macho ya Lupita yanabeba muvi ile. Lakini swali la paka kibanda kingeliuliza pale pale, kwa sauti, na mtu wa benchi la nyuma angelijibu.

Stelingi hafi

Sheria ya kibanda haina mjadala: stelingi hafi. Akipigwa risasi, benchi linatulizana kwamba atapona. Akianguka kwenye korongo, ameshika mzizi. Ikitokea amekufa kweli, watu wanakubaliana kwamba basi yule hakuwa stelingi, stelingi ni huyu aliyebaki.

Ndiyo maana nimekuwa nikijiuliza Rogue One ya 2016 ingepokewaje. Ni tawi la Star Wars linalosimulia jinsi waasi walivyoiba ramani ya silaha kubwa ya dola, ile inayolipuliwa kwenye muvi ya 1977. Gareth Edwards aliyeiongoza anawaua wote: msichana, jasusi, rubani, hata roboti. Yumo pia Donnie Yen akiwa kipofu mwenye fimbo. Vijana waliomwona kwenye Ip Man wangemtangaza yeye kuwa stelingi dakika ile ile aliyoanza kuangusha askari, naye anakufa. Ukimaliza huna wa kumkimbilia. Hakuna aliyebaki.

Juu ya muvi hiyo Tony Gilroy akajenga tawi la tawi: Andor, sizoni mbili za vipande 12 kila moja, ya kwanza 2022 na ya pili 2025. Inamfuata yule jasusi, Cassian Andor, miaka mitano kabla ya kifo chake. Yaani tangu kipande cha kwanza unajua mwisho wake ni upi.

Hapo ndipo watu wa huku na wa nyumbani wanapoachana. Huku kumwambia mtu nani anakufa ni kosa la kuvunja urafiki. Watu wanazima simu siku nzima wasije wakaona kichwa cha habari. Kwenye kibanda DJ anakwambia mapema kabisa: mwangalieni huyu mwenye shati jeupe, msimzoee, hana muda mrefu. Na hatukuwahi kuona ametuharibia uhondo. Alitupa kazi nyingine. Badala ya kusubiri atakufa au hatakufa, tulianza kutazama atakufaje, amemwamini nani, nani angeweza kumwonya akanyamaza. Andor imejengwa juu ya uangaliaji huo huo, na kwangu ndiyo kazi bora kuliko zote zilizotoka kwenye ukoo wa Star Wars tangu nianze kuufuatilia.

Chukua msiba wa Maarva, mama aliyemlea Cassian, mwishoni mwa sizoni ya kwanza. Mji wao wa Ferrix una desturi zake. Majivu ya marehemu yanatengenezwa tofali, na tofali linajengwa ukutani pamoja na ya waliotangulia. Dola inaruhusu mazishi kwa masharti: waombolezaji wachache, saa wanayoitaka wao, mtaa wanaoutaka wao. Wenyeji wanatoka mapema kuliko muda uliopangwa, na kwa wingi wao, bendi ikiwa mbele, huku jamaa mmoja juu ya mnara akigonga chuma kwa nyundo. Hakuna bunduki iliyolia bado, lakini askari wameshaanza kuangaliana. Mtu wa kwetu haelezwi hapo kitu. Anajua kwamba huwezi kumpangia jirani kwenda au kutokwenda mazikoni, na serikali itakayojaribu imeshajipalia makaa. Hahitaji kujua Jedi ni nani wala kumwona hata mmoja, na kweli katika sizoni zote mbili hakuna anayechomoa upanga wa mwanga.

Zinazodai usome kwanza

Mbovu nazo zipo. Star Trek: Section 31, iliyotoka Januari 2025, ilikuwa na kila sababu ya kupendwa na benchi letu, kwa kuwa anayeongoza ni Michelle Yeoh, mwanamama tuliyemjua kwenye mikanda ya Hong Kong akiruka na pikipiki katika muvi aliyocheza na Jackie Chan. Lakini mtu anayemwigiza ametoka kwenye sizoni nyingine, Discovery, na tena ametokea ulimwengu mwingine. Usipoyajua hayo, huruma anayotaka umwonee inapita juu ya kichwa chako. Ilipangwa kuwa sizoni ikakatwa ikawa muvi, na mishono inaonekana.

The Marvels ya 2023 iliumia kwa ugonjwa huo huo. Mashujaa wake watatu wanakutana kana kwamba sote tumeshaangalia muvi ya 2019 iliyoitangulia pamoja na sizoni za WandaVision na Ms. Marvel. Iliingiza takriban dola milioni 206 duniani kote, kiwango cha chini kuliko muvi zote za Marvel Studios kabla yake. Sisemi kosa ni hilo peke yake. Nasema mtu anayelipia tiketi ya familia hataki kukabidhiwa mtaala.

DJ naye ni mtunga matawi

Nikiziweka hizi zote pamoja naona tulichokuwa tunapewa kibandani. Lufufu na waliomfuata Tanzania, DJ Afro kule Kenya, na wale VJ wa Uganda wanaosimulia kwa Kiganda, hawakuwa wakitafsiri maneno tu. Walikuwa wakimpa adui mama mkwe, wakimpeleka polisi wa Los Angeles Kariakoo, wakieleza kwa nini mlinzi wa getini amenuna leo. Msomi wa Kijerumani Matthias Krings aliyeandika juu ya sanaa hii ya Tanzania aliipa makala yake kichwa kinachozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Mchele ni ule ule wa Hollywood. Harufu inayoita watu ni ya mpishi.

Nisiipambe kupita kiasi. Waliotengeneza muvi hawakupata hata senti ya kibanda, na watoto wa darasa la tatu waliona mambo ambayo huku mlangoni wangezuiwa. DJ naye akichoka anajaza matusi mahali pa hadithi. Huku mtunzi analipwa, na ukimya wa ukumbini unamheshimu mtu aliyehangaika na sauti ya kila hatua. Hata hivyo wenye mali wenyewe wameanza kuona kwamba lugha ya mtazamaji ina uzito. Prey ya 2022, tawi la Predator ya Schwarzenegger, inarudi mwaka 1719 kwa binti wa Kikomanchi anayewinda kiumbe yule, na ilitolewa pia ikiwa na sauti nzima ya Kikomanchi. Kiswahili kina mamilioni ya watu, lakini bado tunamsubiri mpwa wangu atume kipande.

Vibanda vimepungua. Sasa kijana anakwenda na flashi kwenye duka lenye kompyuta moja na feni, anauliza, "Ipo iliyotafsiriwa?" na akiambiwa haipo anachukua nyingine. Hajali ni ya ngapi. Kwa hiyo ndugu zangu mlioko nyumbani mnaoniuliza muanze na ipi, orodha yangu ni fupi. Anzeni na Day One, mtoke na hoja ya paka. Kisha Prey. Kisha Andor yote, na Rogue One mwisho, hata kama Star Wars nyingine hamjawahi kuigusa. Section 31 iacheni dukani. Na mkipata dakika 20 mtafuteni Mkenya Wanuri Kahiu na Pumzi yake ya 2009: dunia imekauka baada ya vita vya maji, na binti anayeitwa Asha ana mbegu moja mkononi. Haina shina wala tawi, haitaki uangalie kitu kabla yake, na imesubiri muda mrefu sana mtu wa kwetu aitungie sehemu ya pili.