Sumaku, Baba na Runinga Zenye Mgongo

Najua nimekimya, kazi zimenibana. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina hadithi ya sumaku.

Nikiwa na miaka minane hivi nilitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu nikaibandika kwenye kioo cha Great Wall yetu ya nyumbani, Nakuru. Picha ilijikunja kama chapati, rangi zikageuka zambarau na kijani. Raha tupu, kwa dakika mbili. Nilipoitoa, rangi zilikataa kurudi, na jioni hiyo msomaji habari alikuwa na shavu la kijani. Kichapo nilichopata hakihitaji maelezo. Bahati yangu ni kwamba baba ni fundi wa runinga. Alileta koili aliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba, akaizungusha mbele ya kioo, doa likatoweka.

Mwaka jana rafiki yangu mchoraji aliniomba nimsaidie kuendesha video tatu kwenye maonyesho yake. Kazi ilikuwa ndogo, lakini nilianza kusoma kuhusu sanaa ya video, na hapo ndipo nilipokutana na Nam June Paik. Jamani! Huyu Mkorea mwaka 1965 aliweka sumaku kubwa juu ya runinga, picha ikajikunja, na kitu hicho leo ni mali ya makavazi ya Whitney, New York. Kinaitwa Magnet TV. (Yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo hakuharibu rangi za mtu.)

Paik hakusomea sanaa ya kuchora. Alikuwa mtu wa muziki. Machi 1963, katika nyumba ya maonyesho iitwayo Parnass mjini Wuppertal, Ujerumani, alitandaza runinga kadhaa alizokuwa amezichokonoa ndani ili zionyeshe picha zilizopotoka. Mlangoni kulikuwa na kichwa cha ng'ombe dume kilichotoka kuchinjwa, na msanii mwingine, Joseph Beuys, akaishambulia piano kwa shoka. Lakini kinachonikuna mimi ni runinga moja iliyoharibika njiani. Ilipowashwa ilitoa mstari mmoja tu mweupe, umelala. Paik akailaza runinga ubavu, mstari ukasimama wima, akaiita Zen for TV. Sisi waandishi wa programu huwa tunafanya mzaha kwamba hitilafu ni kipengele kipya. Huyu alifanya hivyo miongo mingi kabla yetu, na bila mzaha.

Nilimwonyesha baba picha yake kwenye simu. Alivaa miwani, akaitazama, akasema, "Hii vatiko imekufa. Kwani wameilaza kwa nini? Hiyo nilikuwa natengeneza kwa mia tatu."

Alikuwa sahihi kabisa. Sakiti inayosukuma miale ya elektroni juu na chini ikifa, picha yote hukunjamana kuwa mstari mmoja.

Hadithi maarufu husema sanaa ya video ilizaliwa Oktoba 1965, Paik aliponunua kamera ya kubebeka ya Sony na kurekodi msafara wa Papa New York. Watafiti wengi wanaitilia shaka, kwa sababu ile Portapak inayotajwa ilianza kuuzwa mwaka 1967. Mimi niko upande wao. Kwangu mwanzo ni Wuppertal, ambapo hapakuwa na kamera hata moja, ni mtu na bisibisi tu.

Siku hizi ukiingia kwenye maonyesho makubwa, video ni faili na projekta. The Clock ya Christian Marclay, iliyotoka 2010 na kushinda Simba wa Dhahabu kule Venice 2011, ni vipande vya sinema vilivyounganishwa kwa saa 24, na saa inayoonekana kwenye picha inalingana na saa iliyo mkononi mwako. Mkenya mwenzetu Wangechi Mutu alitoa video yake ya katuni, The End of Eating Everything, mwaka 2013. Kazi kama hizi unaweza kuzihamisha kutoka mashine hadi mashine, kama unavyohamisha hifadhidata. Zitaumia kidogo, lakini zitaishi.

Magnet TV huwezi kuihamisha. Weka sumaku juu ya skrini bapa, hakuna kinachotokea. Hakuna miale ya kupinda. Kazi ile iko ndani ya tyubu, na tyubu hazitengenezwi tena.

Korea wamelipata tatizo hilo kwa ukubwa wake. Mnara wa Paik wa mwaka 1988, The More, the Better, ulioko makavazi ya taifa kule Gwacheon, una runinga 1,003, idadi inayokumbuka tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya kuzaliwa kwa taifa lao. Mwaka 2018 ulizimwa kwa sababu za usalama. Ulipowashwa tena 2022, runinga 266 zilikuwa zimewekwa skrini bapa. Zilizobaki, 737, zilikarabatiwa au kutafutiwa nyingine za zamani. Fikiria mafundi waliohitajika! New York, Paik alimtegemea fundi aitwaye Chi-Tien Lui, aliyefungua duka lake mwaka 1968.

Na Nakuru je? Baada ya kuhamia dijitali mwaka 2015, na skrini bapa kushuka bei, wateja wa baba walianza kupungua. Runinga tisa hazikuchukuliwa na wenyewe. Mwezi uliopita aliniambia mnunuzi wa vyuma kuukuu anakuja Jumamosi kuzibeba zote. Mimi, na digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi, sijui hata kuondoa umeme uliobaki kwenye tyubu bila kujiua. Sikuwahi kumwomba anifundishe. Nilikuwa naona kazi yake imepitwa na wakati, na nadhani alijua ninavyoiona.

Nilipanda matatu Ijumaa jioni. Hatukuzungumza mengi. Alizifungua moja moja, akapima, akatenga zile ambazo tyubu zake bado zina nguvu. Mnunuzi alibeba sita. Tatu zimebaki kwenye banda, moja ni ile Great Wall.

"Haya," baba alisema, akinipa bisibisi yenye mpini wa mpira, "mkono mmoja uweke mfukoni. Kila mara."

Nimeuweka.